Sahani za Zidakani: Kuzitambua, Kuzitunza na Kutoziuza Gizani

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu.)

 

Mazungumzo ya leo ni kuhusu sahani. Si za plastiki, wala si zile za bati zilizopakwa rangi, bali sahani, bakuli na makombe ya kaure na ya udongo yenye maua mekundu, majani ya kijani na michoro ya buluu, ambayo familia nyingi za hapa zimerithi kutoka kwa nyanya na mama wa nyanya. Nyingine bado zimo zidakani. Nyingine zimefungwa kwa kanga kuukuu chini ya kitanda, na wenyewe hawakumbuki ni ngapi.

Kuna watu wanaozikumbuka vizuri zaidi. Mnunuzi wa vitu vya kale huja wakati nyumba ina shida: karo haijalipwa, mgonjwa amelazwa, au matanga yamekwisha juzi na madeni yamebaki. Hutoa bei ya sahani ya kulia wali, akazifunga kwa magazeti, na kufikia jioni ziko kwenye boti ya kwenda Mokowe. Aliyeuza hakujua alichouza. Hilo ndilo linaloweza kuzuiwa, na kuzuia kwake kunaanza kwa kujua.

Nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18 zina ukuta wa ndani kabisa uliojaa zidaka, yaani vile vijumba vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Sahani ziliwekwa humo zionekane na mgeni aliyeruhusiwa kufika huko. Nyingine zilitundikwa ukutani kwa kamba. Anayegeuza sahani ya zamani na kukuta matundu mawili yametobolewa kwenye duara la chini linalobeba sahani, asidhani ni kasoro. Matundu hayo ni ya kamba, na ni dalili nzuri kwamba sahani hiyo ilikuwa pambo la ukuta. Wazee wanaeleza pia kwamba sahani ilipokea jicho la hasidi badala ya watu wa nyumba, na ikipasuka yenyewe ilisemekana imefanya kazi yake.

Desturi hiyo ni ya kale kuliko nyumba zenyewe. Kule Mambrui, nguzo ya kaburi ilipambwa kwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming, zilizokandikwa kwenye chokaa. Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kulipatikana kaure nyingi ya China, na moja ya nyumba za magofu yale inaitwa mpaka leo kwa jina la bakuli la kaure lililokutwa humo. UNESCO iliiandika Gedi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, miaka 23 baada ya Mji wa Kale wa Lamu. Lakini si yote yaliyosalimika. Yako makaburi ya pwani yenye mashimo ya duara matupu mahali palipokuwa na bakuli. Mtu alikuja na patasi.

Hata hivyo, sahani nyingi zilizo majumbani leo si za Ming, na ni vizuri kulisema hili wazi ili mtu asidanganywe wala asijidanganye. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilianza kutengeneza vyombo vya bei nafuu kwa ajili ya masoko ya mbali, Afrika Mashariki ikiwemo. Mji wa Maastricht nchini Uholanzi ulikuwa na viwanda vikubwa vya kazi hiyo. Kimoja kilianzishwa na Petrus Regout mwaka 1836, na alama yake inayojulikana sana ni ya sfinksi, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Maua ya bakuli nyingi za namna hii hayakuchorwa kwa brashi. Kipande cha sponji kilikatwa umbo la ua, kikachovywa kwenye rangi, kikagongwa juu ya bakuli, kikagongwa tena pembeni yake. Ukiangalia kwa makini utaona mahali ua moja limepanda juu ya jingine, au mzunguko umefika mwisho na nafasi haikutosha. Bakuli hizi ndizo zinazodharauliwa zaidi kwa sababu ziko nyingi. Bila shaka ndizo zitakazokwisha kwanza, maana hakuna anayezificha.

Namna ya kutambua umri wa sahani huanzia chini yake. Kuna sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 iliyodai bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na viwanda vilivyouza huko vikaanza kuandika jina la nchi. Kwa hiyo sahani yenye neno “England” au “Holland” kwa kawaida ni ya baada ya hapo, na yenye maneno “Made in” mara nyingi ni ya karne ya 20. Sahani isiyo na alama yoyote si lazima iwe ya zamani, lakini inastahili kuonyeshwa kwa mtu anayejua kabla haijatoka mlangoni.

Miaka hii ina uzito kisheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Chombo kama hicho hakitoki nje ya nchi bila kibali. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, na anayevumbua kitu cha namna hiyo, iwe ni kwa kuchimba msingi wa nyumba au shimo la choo, anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7. Watu wengi huogopa kutoa taarifa wakidhani kila chombo cha kale kitachukuliwa. Sahani ya nyanya iliyoko zidakani si kitu kilichochimbwa. Kuionyesha kwa maofisa wa Makumbusho hakuifanyi kuwa yao.

Sasa afya, na hapa kina mama wasikilize kwa makini zaidi. Rangi za vyombo vya zamani na utando wa kioo unaovifunika mara nyingi vilitengenezwa kwa madini ya risasi, kwa kuwa risasi huufanya utando uyeyuke vizuri tanuruni na kung'aa. Chombo kikiwa kizima na kikapambwa zidakani, hakina neno. Tatizo ni kukilia. Vyakula vichachu, kama achari, ukwaju, ndimu, siki na mchuzi wa nyanya, huvuta risasi kutoka kwenye utando, hasa vikiwekwa vikiwa moto au vikilazwa usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Haina ladha wala harufu.

Si risasi peke yake. Nchini Marekani, kampuni ya Homer Laughlin ilianza kuuza mwaka 1936 vyombo vya Fiesta, vya rangi kali moja moja, ambavyo watu hukusanya hadi leo kwa mapenzi makubwa. Rangi yake nyekundu ya mwanzo, iliyokaribia chungwa, ilitokana na urani, madini yale yale ya mabomu ya nyuklia. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya huko iliyahitaji madini hayo na rangi hiyo ikasimamishwa. Wanaokusanya Fiesta wanalijua jambo hili, na wenye busara huitazama ile nyekundu bila kulia chakula ndani yake.

Kanuni basi ni fupi: cha zidakani kibaki zidakani. Hata kombe, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa marashi na kunywewa na mgonjwa, ni bora yaandikwe kwenye sahani mpya nyeupe isiyo na maua, wala si kwenye ile ya zamani inayodhaniwa kuwa na baraka zaidi.

Kuhusu kuosha. Beseni liwe la plastiki, taulo litandikwe chini, maji yawe vuguvugu na sabuni iwe kidogo. Sahani ioshwe moja moja. Stiliwaya isiguse chombo hata kidogo. Kwenye sahani za Kichina, mchoro wa buluu mara nyingi uko chini ya utando wa kioo na haufutiki, lakini rangi nyekundu, waridi, manjano na dhahabu kwa kawaida zimepakwa juu ya utando. Kidole huzisikia zimeinuka kidogo. Hizo husuguliwa zikaisha, na ndiyo maana maua ya sahani nyingi yamebaki kivuli tu. Jik isitumike kuondoa madoa. Hupenya kwenye nyufa nyembamba zilizo kama utando wa buibui, na baada ya muda utando wa kioo huanza kubanduka.

Chumvi ya bahari nayo ni adui. Sahani ya udongo hunywa unyevu kupitia nyufa, chumvi ikakauka ndani, ikageuka chembe ngumu na kusukuma rangi nje. Sahani iliyotoka baharini au ardhini isianikwe juani. Iachwe kama ilivyo, ipelekwe kwa wataalamu. Makumbusho ya Fort Jesus yanahifadhi vyombo vilivyotolewa kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vya namna hiyo haviponi kwa haraka.

Sahani iliyopasuka isitupwe. Nyingine zilishonwa zamani kwa vikuku vidogo vya chuma. Vikuku hivyo ni sehemu ya historia yake na visiondolewe. Gundi ya haraka ya dukani isitumike, kwani fundi wa baadaye atashindwa kuitoa. Vipande vifungwe kwa kitambaa laini, viwekwe pamoja. Anayetaka kujua kama sahani ina ufa asiouona, aiinue juu ya kiganja, aigonge taratibu kwa kucha. Kaure nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti butu. Sahani zikipangwa juu kwa juu, kitambaa kiwekwe kati, na isibebwe kwa ukingo mmoja.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila nyumba ipige picha ya kila chombo, juu na chini, ipime upana wake, na kuandika kilitoka kwa nani. Simu ya kawaida yatosha. Picha hiyo ndiyo itakayosaidia polisi chombo kikiibwa, na ndiyo itakayopunguza ugomvi siku ya kugawa mirathi, maana sahani sita za seti moja zikigawanywa kwa warithi sita hakuna tena seti. Yapo majumba ambayo warithi walikubaliana chombo kibaki nyumba ya ukoo na kila mmoja aandikwe fungu lake. Ni mpango mzuri.

Mwenye chombo anachokitilia shaka anaweza kukipeleka Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari, kimefungwa kwa taulo, si kwa gazeti, kwani wino wa gazeti huingia kwenye nyufa. Akishindwa kukibeba, picha za juu na chini zatosha kwa kuanzia.