TUTENGENEZE NYUMBA KABLA KOROSHO HAZIJAANZA KUANGUKA

Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, mwanzo wa kiangazi. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.



Mvua zimekwisha. Mahindi yako ndani, mihogo iko shambani, na mikorosho inaanza kuchipua. Leo hatukuja kusema habari ya bei wala habari ya magunia. Tumekuja kusema habari ya nyumba tunazolala.

Kila mwaka tukiulizana, "Paa lako vipi?", jibu ni moja: "Nangoja korosho." Haya, tuhesabu pamoja. Korosho zinaanza kuanguka mwezi wa tisa. Tunaokota, tunaanika, tunapeleka ghalani, tunangoja mnada. Fedha zikifika mkononi, mara nyingi ni mwezi wa kumi na moja, na wingu limekwisha kusimama. Siku hiyo fundi hapatikani kwa sababu kila mtu anamtaka. Nyasi hakuna kwa sababu pori limeungua. Udongo ukiukandika leo, kesho mvua inaubomoa. Basi fedha iko mfukoni na maji yako kitandani.

Ndugu zangu, nyumba nyingi za hapa kijijini hazihitaji fedha ya korosho. Zinahitaji nyasi, udongo, miti, kamba na mikono. Vitu hivyo vyote vipo leo, na mwezi wa kumi na moja havipo. Hilo ndilo neno letu la leo, na yafuatayo yote ni kulifafanua.

Wote tunajua habari ya mvua zilizopita. Ukuta wa nyumba ya bibi mmoja wa hapa kwetu ulilala chini usiku. Alisalimika kwa kuwa alilala chumba cha pili. Ukuta ule haukuanguka kwa usiku mmoja. Maji yalikuwa yanaula chini, kwenye msingi, na sote tulikuwa tunapita njiani tunauona. Kisomoni tuliandika "Usipoziba ufa utajenga ukuta" mpaka mikono ikauma. Kuandika tumekwisha kujua, sasa tutende.

PAA. Njia ya kupima paa haina gharama. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na dirisha, tazama juu. Panapoingia nuru ndipo patakapoingia maji. Tia alama kwa mkaa kwenye fito ya mahali pale, kisha panda utengeneze. Nyasi zikatwe mwezi huu wa sita na wa saba, zikiwa zimekomaa na hazijaungua. Zichambuliwe majani mabovu, zifungwe vitita, zikauke sawasawa. Paa lisiwe la kulala, maana paa la kulala halimwagi maji, linayanywa. Na upenu utoke nje ya ukuta kiasi cha mkono mmoja, ili maji yadondoke mbali na msingi. Wenye bati nao wasijione wameokoka. Msumari uliolegea unapitisha maji, na upepo ukiingia chini ya bati unaling'oa. Pigilia upya, ziba matundu kwa lami, na kenchi zifungwe kwa waya mpaka kwenye ukuta. Wazee wa kusini wanakumbuka kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, na mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Upepo hauchagui nyumba ya nyasi wala ya bati. Unachagua iliyolegea.

Tena tunasema: asipandishwe mtoto juu ya paa bovu, wala mzee. Anayepanda akanyage juu ya mapaa, asikanyage fito.

UKUTA. Maji ya mvua yakidondoka chini yanaruka na kuupiga ukuta sehemu ya chini. Ndiyo maana ukuta huanza kuliwa chini. Changanya udongo wa kichuguu na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, ukande kwa miguu, uuache ulale siku mbili tatu, kisha usiribe. Kichuguu peke yake kikikauka kinapasuka. Mchanga ndio unaozuia nyufa. Ukitaka kujua kama mchanganyiko umefaa, paka kipande kidogo ukutani, ungoje kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Halafu jenga kibaraza cha udongo au mawe kuzunguka nyumba, kipigwe na mvua badala ya ukuta. Na jambo moja ambalo watu hawalisemi: usichimbe udongo karibu na nyumba. Shimo lile masika linageuka dimbwi, mbu wa malaria wanazaa humo, na watoto wanaweza kutumbukia. Tuchimbe mbali, upande wa chini wa mteremko.

MCHWA. Mchwa hatangazi. Anajenga njia yake ya udongo ukutani, naye yuko ndani ya nguzo. Kila wiki zunguka nyumba na ufagio, bomoa njia zake zote. Gonga nguzo kwa kisu. Ikilia tupu, imekwisha kuliwa, itolewe sasa tukiwa na nafasi ya kukata nyingine. Mti mpya uondolewe gome, kwa maana wadudu hujificha chini ya gome. Mianzi iloweshwe majini kabla ya kutumiwa, haitaliwa upesi.

SAKAFU. Nyufa za sakafu na za ukuta ndiyo nyumba ya papasi. Papasi anauma usiku, na huleta homa inayokwenda na kurudi. Toa vitu vyote nje, anika vitanda na mikeka juani, ziba nyufa, pigilia sakafu na uipake upya. Kazi hii hatuwezi kuifanya masika kwa sababu sakafu haitakauka.

CHOO. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Shimo la choo huchimbwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na kingo zikiwa imara. Liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na lisiwe upande wa juu wa kisima. Choo kilichojaa kisingoje mvua, maana mvua ikija kitatoka chenyewe na kutembelea majirani.

MAJI. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, kule juu uwandani, wanajua thamani ya maji ya paa. Tufanye hesabu ya kisomo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa mita 6 ni mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 inatoa lita 960, yaani ndoo 48 za lita 20. Hata zikipotea ndoo nane, akina mama wamepumzishwa safari 40 za kisimani. Mwenye bati afunge mchirizi sasa, na pipa lake liwe na kifuniko. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa. Mwenye nyasi achimbe mfereji wa kupeleka maji bondeni, wala asiyaelekeze kwa jirani.

GHALA NA VIHENGE. Korosho ikilowa daraja linashuka, na hasara si ya mmoja. Ghala letu la ushirika litengenezwe kwanza, kabla ya gunia la kwanza kuingia. Vihenge vya mahindi navyo vifagiliwe vizuri, na mabaki ya mwaka jana yatolewe yote. Dumuzi aliyeingia nchini kwa upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 anakaa humo humo kwenye mabaki, na hata ndani ya miti ya kihenge, akingoja mahindi mapya.

Sasa wengine watasema, "Katibu, wakati huu ni wa kupuliza salfa. Tutaigawanya mikono?" Swali hili ni la haki. Salfa hupulizwa alfajiri, kuna umande na upepo umetulia. Jua likipanda, kazi ile imekwisha. Alasiri ni ya nyumba. Tukitoa alasiri mbili kwa wiki, kuanzia sasa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, kila mtu atakuwa amemaliza.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ni moto. Kuna watu wanachoma pori wakiwinda panya, wale tunaowaita samaki nchanga. Hatukatazi mtu kitoweo chake. Lakini moto wa mtu mmoja kwa kitoweo cha siku moja unamaliza nyasi za kuezekea kijiji kizima, na upepo ukigeuka unaingia kwenye mikorosho. Anayewasha moto ule anamwezua paa mjane ambaye hana mtu wa kumkatia nyasi. Tumwambie hivyo waziwazi, awe ndugu yetu au asiwe.

Na wajane hao, na wazee wasio na nguvu, ndio kipimo chetu. Mwenye nguvu kutengeneza nyumba yake si ushirika, hiyo ni haja yake. Ushirika unaanza kwenye nyumba ya yule asiyeweza kukulipa.

Kwa hiyo mkutano umeazimia hivi:

1. Pori la nyasi la upande wa mtoni lisichomwe mpaka kila kaya iwe imekata nyasi zake. Vijana watalima njia ya kuzuia moto kuanzia Jumamosi hii.

2. Kila balozi apite nyumba hadi nyumba katika shina lake, aandike nyumba zenye hatari, kwanza za wajane, wazee na wagonjwa. Orodha iletwe kwa Katibu kabla ya mwezi huu kwisha.

3. Kila Jumamosi itakuwa siku ya msaragambo kwa nyumba hizo. Aje mtu na jembe, panga au kamba. Asiye na nguvu ya kupanda paa ataleta maji ya udongo au atapika.

4. Nyumba ya bibi yule tuliyemtaja ndiyo ya kwanza. Nguzo zimekwisha kukatwa.

5. Ghala la ushirika litengenezwe mwezi wa nane, wanachama wote.

Ndugu wananchi, wingu la kwanza likisimama mwaka huu, litukute tumekaa vibarazani tunabangua korosho zetu, siyo tunakimbia na masufuria kukinga maji ndani ya nyumba.

Uhuru na Kazi.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya viongozi wote