Usiache Dawa, Sema na Daktari

Je, wewe au ndugu yako anatumia haloperidoli au risperidoni kwa ugonjwa wa akili? Tega sikio.

Dawa hizi hutuliza sauti na hofu zinazomsumbua mgonjwa. Lakini zinaweza pia kupandisha prolaktini, homoni inayomwezesha mama kutoa maziwa.

Mwanamke anaweza kukosa hedhi, au kutokwa na maziwa ingawa hanyonyeshi. Mwanamume anaweza kuota matiti, au kupungukiwa nguvu za kiume. Kwa kawaida prolaktini hupanda zaidi kwa wanawake. Na vinasaba tunavyorithi vinachangia: mwili wa mmoja huvunja dawa upesi, wa mwingine polepole. Ndiyo maana dawa moja haileti madhara sawa kwa wote.

Huu si uchawi, wala si aibu. Ni madhara ya dawa, na yana ufumbuzi.

Usiache dawa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Nenda kliniki, useme bila kuficha. Daktari anaweza kukupima damu, kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Hedhi ikikosekana, pima pia ujauzito.

Narudia: usiache dawa, sema na daktari.