Sikio Jekundu, Akili Iliyovurugika

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Leo tunazungumzia ugonjwa adimu sana. Huenda hujawahi kuusikia. Lakini ukiingia katika familia bila kujulikana, unaweza kuwagombanisha ndugu na majirani.

Kwanza, shika sikio lako. Sehemu ya juu ni ngumu kidogo, ukiikunja inarudi. Hiyo ni gegedu. Sasa shuka chini kwenye ndewe, pale tunapotoboa kwa ajili ya hereni. Hapo ni laini, hakuna gegedu. Gegedu iko pia puani, kwenye njia ya hewa, mbavuni na kwenye viungo.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huishambulia gegedu. Madaktari huuita polikondraitisi inayojirudia. Sikio huwa jekundu, huvimba na kuuma, lakini ndewe hubaki salama. Baada ya siku au wiki kadhaa hupoa, kisha hurudi tena. Pua nayo inaweza kuuma na mgongo wake kubonyea. Macho huwa mekundu, viungo huuma, sauti hukwaruza.

Kwa wagonjwa wachache, madhara hufika hata kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mgonjwa huumwa kichwa vikali, au uso hupooza upande mmoja. Anaweza kupata kifafa au kiharusi. Mwingine husahau mambo ya jana, huchanganyikiwa na kubadilika tabia. Sikio la ndani likiguswa, kusikia hupungua na kizunguzungu huanza.

Hapo ndipo penye hatari. Tuseme kuna mama wa miaka 50. Masikio yote mawili yalimvimba, yakapoa, watu wakasahau. Miezi mitatu baadaye anasahau majina ya wanawe na kugombana na watu kwenye foleni ya maji. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni mawazo ya vita. Anapofikishwa kituo cha afya hawezi kujieleza, na aliyemleta hataji sikio hata kidogo.

Daktari atapima malaria na kuangalia homa ya uti wa mgongo. Ni sawa kuanza hapo, maana magonjwa hayo huua haraka. Lakini vipimo visipoonyesha kitu, habari ya lile sikio inaweza kumfungulia njia. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutambulisha ugonjwa huu. Hutambuliwa kwa kuunganisha dalili, na anayezijua dalili zote ni wewe unayeishi naye. Mweleze daktari yote, hata yale yaliyokwisha pona, ili aone kama mgonjwa anahitaji rufaa.

Matibabu yapo. Dawa kama prednisoloni hutuliza kinga ya mwili, na wengine huongezewa dawa nyingine. Mgonjwa aliyezitumia kwa muda asiziache ghafla, hata akijisikia nafuu, kwani anaweza kuzidiwa vibaya. Ukihamishwa kambi au ukijiandikisha kurudi nyumbani, waambie wahudumu mapema, na beba dawa pamoja na karatasi zako za matibabu. Na kwa kuwa dawa hizi hupunguza kinga, ukipata homa usisubiri, nenda kituoni.

Akishindwa kupumua, akianguka kifafa, mdomo ukienda upande au akichanganyikiwa ghafla, mpelekeni mara moja, usiku au mchana.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kuleni naye, kaeni naye. Hakurogwa, wala hakujitakia. Ni mgonjwa, na mgonjwa huuguzwa.

Mwambie na jirani yako. Afya njema, kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)