Faili zikifichwa, tusikimbilie kufuta
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama

Ndugu wanachama, wababa na wamama, vijana, na nyinyi wafadhili wetu mnaotusoma kutoka mbali: jambo tunaloleta leo ni la ordinateri, lakini kwa kweli ni la karatasi zetu.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunajua uzito wa karatasi. Kule Nyarugusu na Lugufu, bila kadi ya posho hukupimiwa unga. Tulipovuka ziwa kutoka Kigoma, vyeti vya watoto tulivifunga ndani ya plastiki visilowe. Leo nyingi za karatasi hizo tumezipiga skani. Orodha ya michango nayo imo mle mle, ndani ya ordinateri inayokaa nyumbani kwa sekretere wetu, maana pale kuna umeme wa jua. Kwa hiyo virusi ikiingia pale, haiingii kwa sekretere peke yake. Inaingia kwetu sote.

Virusi inayotusumbua sana ni ile ya flashi. Inafanya kazi hivi: unapeleka flashi kwenye kibanda cha kuprinta, na mashini ya pale ni mgonjwa. Virusi inajinakili kwenye flashi yako, inaficha folda zako, halafu mahali pake inaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukitazama vizuri utaona kimshale kidogo kwenye kona ya picha, na uzito wake ni kilobaiti chache tu. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, nawe unafurahi. Kumbe kwa kubofya huko umeiamsha virusi. Sasa iko ndani ya ordinateri ya nyumbani, inangoja flashi nyingine.

Siku moja faili hazionekani tena. Hapo ndipo maneno yanaanza: "Orodha imepotea? Nani ameifuta? Pesa iko wapi?" Chama cha kusaidiana kinaweza kuvunjika kwa maneno hayo, na hakuna aliyeiba hata franga moja. Na fundi akiitwa, mara nyingi atasema: tufute yote, tuweke Windows mpya. Sisi tunasema: ngoja kwanza!

Angalieni nafasi iliyotumika kwenye flashi. Kama flashi inaonekana tupu, lakini mashini inasema nusu yake imejaa, basi faili ziko. Zimefichwa, hazijafutwa. Mkifuta yote hapo, ndipo mtazipoteza kweli.

Sasa, mpangilio ni huu.

Kwanza, toeni flashi zote na msibofye njia yoyote ya mkato. Fungeni intaneti. Mtaifungua kwa muda mfupi tu, ili kinga ya virusi ipate habari mpya.

Pili, safisheni ordinateri kabla ya flashi. Windows 10 na 11 ziko na kinga yake ndani, inaitwa Defender, haiuzwi. Chagueni ule ukaguzi unaozima mashini na kuiwasha upya, ukatafuta virusi kabla Windows yenyewe haijaamka. Unachukua kama dakika 15. Hakikisheni betri imejaa, umeme usikatike katikati.

Tatu, chomekeni flashi, ikaguliwe nayo. Hapa wengi wanashtuka: kinga imeua virusi, njia za mkato zimeondoka, na flashi ni tupu! Wanasema kinga imekula faili. Hapana. Kinga inaua virusi tu, haifunui kilichofichwa. Kufunua ni kazi yetu. Fungueni lile dirisha jeusi la kuandikia amri, linaitwa cmd, mwandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi E ni ya flashi. Kama mashini yenu inaiita F, andikeni F. Amri hii inaondoa alama ya kufichwa kwenye kila folda. Wakati mwingine faili zote zinakutwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Ifungueni, ndimo zilimo.

Nne, tengenezeni kilichoharibika. Kwenye dirisha lile jeusi, lakini likiwa limefunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, andikeni sfc /scannow. Windows itakagua faili zake yenyewe na kurudisha zilizoharibika. Programu zisizofunguka, ziondoeni mkaziweke upya kutoka mahali safi. Msizinakili kutoka kwenye flashi ya rafiki.

Tano, badilisheni neno la siri la barua pepe, mkitumia simu safi. Hili ni la wafadhili pia. Mwizi akipata barua pepe yetu anaweza kuwaandikia kwa jina letu, eti namba ya konti imebadilika. Mkipokea barua ya namna hiyo, msitume kitu kabla ya kutupigia simu na kusikia sauti mnayoijua.

Kuna virusi nyingine, hiyo ni kali zaidi. Inafunga faili kwa ufunguo, inabadilisha mikia ya majina yake, na inaacha barua ya kudai pesa. Kwa hiyo amri ya attrib haisaidii. Tusilipe, maana kulipa si hakikisho la kurudishiwa. Kuna mradi unaoitwa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya ulinzi wa kompyuta. Unatoa bure funguo za baadhi ya virusi hizo. Zisizo na ufunguo, dawa ni nakala uliyoiweka mapema.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu yaingie katika desturi ya chama. Flashi ya kutembea iwe moja, ibebe tu karatasi ya kuprinta, na ikirudi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Nakala ya faili zote ikae kwenye flashi nyingine, katika nyumba nyingine, isichomekwe ila siku ya kunakili. Na daftari la mkono la michango liendelee kuandikwa kila mkutano, trezorie aandike, mwanachama atie sahihi. Daftari halishikwi na virusi, na siku ya mashaka ndilo litakalotupatanisha.