Farasi Mikononi mwa Watoto: Dominika ya 14 ya Mwaka A

Ndugu wasikilizaji wapendwa, mlioko Rulenge, Kabanga, Rusumo, Nyakahura, Biharamulo na popote mnapotusikia asubuhi hii. Nanyi makatekista mnaoongoza Ibada ya Neno katika vigango ambako padre hakuweza kufika leo: amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Katika somo la kwanza nabii Zekaria anatutangazia mfalme wa ajabu. Anauingia mji wake bila jeshi, mpole, amepanda mwanapunda. Tena nabii anaeleza kwamba siku ile Mungu mwenyewe atayaondoa magari ya vita katika Efraimu, na farasi katika Yerusalemu. Pengine mtu atauliza: Je, farasi amekosa nini? Si kiumbe cha Mungu kama punda? Ni kiumbe cha Mungu, ndugu zangu. Lakini katika Maandiko Matakatifu farasi mara nyingi ni chombo cha vita. Mkulima wa Israeli alilima kwa ng'ombe na kubeba mizigo yake kwa punda. Farasi alikuwa wa mfalme na wa askari. Kosa halikuwa la mnyama. Lilikuwa la mkono ulioshika hatamu.

Sisi wa Ngara na Biharamulo twamjua farasi zaidi kwa picha kuliko kwa macho. Sababu moja kubwa ni mbung'o wa mapori yetu. Nzi huyo, asiyezidi urefu wa pingili ya kidole, hubeba vijidudu vya ugonjwa wa nagana, na farasi akiambukizwa ugonjwa huo kwa kawaida hufa asipotibiwa. Ni katika mwaka 1895 kwamba David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipovigundua vijidudu hivyo huko Zululand, kusini mwa Afrika. Lakini wazee wetu waliyajua madhara ya mbung'o zamani sana kabla ya hapo. Speke na Grant walipopita Usui na kufika Karagwe kwa mfalme Rumanika mwaka 1861, walikwenda kwa miguu kama wasafiri wengine wote wa nchi hizi, na bidhaa zao zilikuwa vichwani mwa wapagazi.

Pasipokuwa na mnyama wa kubeba, binadamu alibeba. Hata leo, tukizitazama njia zetu za vilimani jioni, ni nani mwenye ndoo kichwani, na mtoto mgongoni, na tita la kuni? Mara nyingi ni binti. Simsemi vibaya mzazi anayemtuma mtoto wake maji. Kazi ni malezi. Nasema jambo moja tu: binti yetu anajua kubeba kabla hajafundishwa kuongoza.

Sasa natamani tutazame kwa watu walio mbali, ili tujione vizuri zaidi sisi wenyewe. Huko Marekani, wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, wapo wazazi wanaowapeleka binti zao katika kambi za wasichana. Si watoto wote wa kule wanaozipata kambi hizo, maana zina gharama. Humo hujifunza kuogelea, kupika nje, kulala hemani. Na katika baadhi ya kambi hujifunza kupanda farasi na kufuata njia za msituni na milimani. Mtindo wanaofundishwa huitwa wa magharibi, kwa kuwa ulikua miongoni mwa wachunga ng'ombe wa magharibi ya nchi ile, ambao waliupokea kwa wachungaji wa Meksiko, na hao kwa Wahispania. Tandiko lake ni pana, na mbele lina pembe ya kufungia kamba ya kukamatia ng'ombe. Hatamu hushikwa kwa mkono mmoja, na farasi aliyezoezwa hugeuka anapoguswa shingoni tu na ule ukanda.

Wahispania walianza kuwapeleka farasi katika nchi zile mwaka 1493, katika safari ya pili ya Columbus, na miaka iliyofuata farasi akawa chombo cha kuteka mataifa. Leo, kambini, mnyama wa jamii ile ile husimama kimya huku mtoto wa miaka kumi akimsugua vumbi kwa brashi. Silaha imeondolewa mikononi mwa askari, ikawekwa mikononi mwa mtoto, nayo si silaha tena. Tukiliona jambo hilo, tumekaribia kumwelewa Zekaria.

Je, mtoto yule humwongozaje farasi? Mnyama huyo aweza kuwa na kilo 450 au zaidi, na mtoto hafiki hata kilo 40. Kwa nguvu hawezi. Kwanza hufundishwa kumkaribia kwa upande wa bega, akisema naye taratibu, asije akamshtua kwa nyuma akapigwa teke. Humsafisha, humwinua kwato na kuzitazama, humfunga tandiko na kuukagua ukanda wa tumboni. Ndipo hupanda. Akizivuta hatamu kwa hasira, lijamu humwumiza farasi mdomoni, naye hurusha kichwa na kukataa. Akizilegeza mno, farasi huinamia majani na safari hukoma. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, aliitumia lijamu hiyo hiyo kutufundisha kuutawala ulimi: kitu kidogo huongoza mwili mkubwa.

Tena, siku za kwanza mwalimu hushika kamba. Farasi humzunguka mwalimu, na msichana hujifunza kukaa imara. Siku zikipita, kamba hufunguliwa. Wakienda njiani huwa mstari mmoja, na kiongozi mwema huufuata mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Wakirudi, farasi hutunzwa kwanza, ndipo mpanda farasi akapumzike.

Wazazi wapendwa, kuna mzazi asiyefungua kamba kamwe. Binti ana miaka kumi na saba, na hajawahi kuamua hata bei ya fungu la maharage. Kuna mzazi mwingine ambaye hakuifunga kamba hata siku moja. Binti amejilea mwenyewe barabarani na sokoni. Hao wawili huonekana wamepishana sana, lakini matunda yao yafanana: siku ya jaribu, binti hana mkono uliozoezwa.

Na siku hiyo huja mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Tunashukuru. Lakini mahakama haiwezi kuketi sebuleni na kumfundisha binti kusema "hapana" mbele ya ndugu ambao wamekwisha kuihesabu mahari. Ujasiri wa namna hiyo hujengwa polepole, na watu waliomwamini kwa mambo madogo kabla ya siku ile.

Katika Injili ya leo Yesu anamshukuru Baba kwa kuwafunulia wadogo mambo ambayo wenye akili hawakuyaona. Kisha anatualika tuichukue nira yake na kujifunza kwake, kwa sababu yeye ni mpole na mnyenyekevu. Bwana hakutuahidi maisha yasiyo na mzigo. Ametuahidi mzigo unaobebeka, kwa kuwa anaubeba pamoja nasi. Yeye ana nguvu zote, wala haivuti lijamu hadi tutoke damu. Ndivyo anavyotaka nasi tuwaongoze wadogo wetu, na tuwafundishe wadogo nao kuongoza.

Najua kwamba huku kwetu neno "kambi" lina kumbukumbu nzito. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo, na Benaco ikajulikana ulimwenguni kote. Mabinti waliishi humo bila kuchagua, wakitafuta maji na kuni kwa hofu. Basi mzee akisikia habari za kambi ya wasichana akashtuka, tusimcheke. Tumweleze kwa upole kwamba hema laweza kuwa mahali pa kukimbilia, na pia laweza kuwa mahali pa kujifunzia. Wala si jambo geni: Girl Guides wapo katika nchi yetu tangu mwaka 1928.

Farasi hatuna, na hatuhitaji kuwatafuta. Tunazo njia, vilima na likizo hii ya katikati ya mwaka. Ninawaomba makatekista, akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: wakusanyeni mabinti wa kigango kwa siku tatu, wazazi wakijua na kuridhia, akina mama waaminifu wakilala pamoja nao. Unga, maharage na mablanketi vitatoka majumbani. Mmoja ashike fedha ya chumvi na mafuta, na aitolee hesabu. Mwingine aongoze safari ya kupanda kilima, naye aambiwe sharti moja: mwendo uwe wa yule aliyechoka kuliko wote. Mwingine aongoze sala ya jioni kwa maneno yake mwenyewe. Watu wazima wawe karibu, kamba ikiwa mkononi, kisha wailegeze. Wakikosea njia, msikimbilie kuwafokea, waulizeni, "Sasa tufanyeje?" na mngojee jibu.

Nanyi akina baba, binti atakaporudi nyumbani, msimpokee kwa ndoo mlangoni. Mketisheni, mkamsikilize. Na siku hiyo kaka yake ateke maji.

Tuombe. Ee Bwana, mfalme mpole, uliyekataa farasi wa vita na kuingia mjini juu ya mwanapunda, uizoeze mikono yetu iwe thabiti pasipo ukali. Uwajalie mabinti wa Ngara na Biharamulo waone njia, washike hatamu za maisha yao, na wasiwaache nyuma walio dhaifu. Tunaomba hayo kwa jina lako, unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!