Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Safi

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa Kisii na Nyamira)

Mvua kubwa ikinyesha vilimani, mto Gucha hugeuka rangi kwa udongo wa mashamba. Kila mtu husema maji hayo ni machafu. Lakini maji ya chemchemi yakiwa maangavu, watu huteka na kunywa bila kuuliza. Kwa hiyo yafaa kujua tofauti ya mchanganyiko na myeyusho.

Enyi vijana, chukueni gilasi mbili za maji. Katika ya kwanza tieni kijiko cha udongo, na katika ya pili kijiko cha chumvi. Korogeni, kisha ziacheni mpaka kesho yake. Udongo mwingi utatua chini. Huo ni mchanganyiko. Chumvi haitaonekana tena, wala kitambaa hakitaizuia, lakini ulimi utaitambua. Huo ni myeyusho: chumvi imegawanyika vipande vidogo mno, ikaenea katika maji yote. Haikupotea. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Ndivyo inavyopatikana chumvi kaskazini ya Malindi, ambako jua hukausha maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita.

Sasa fikirini juu ya chemchemi ya bondeni. Mbolea ya chumvichumvi iliyotiwa katika chai au mahindi huyeyuka kwa mvua, na iliyozidi huweza kushuka hadi majini. Hali kadhalika dawa ya wadudu, mtu akiosha bomba lake hapo. Mbolea iliyoyeyuka haionekani, wala kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki na kuzidi ukali.

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havikuyeyuka, ila ni vidogo hata macho hayavioni. Hivyo hufa kwa moto.

Basi kila uchafu una njia yake. Tope huachwa litue. Vijidudu huuawa kwa kuchemsha maji mpaka yatokote barabara. Lakini kilichoyeyuka huzuiwa kabla hakijafika: mbolea isitiwe karibu na chemchemi, wala bomba la dawa lisioshwe hapo. Mama atekaye maji bondeni hana chujio la kumsaidia. Usalama wake u mikononi mwa jirani alimaye mlimani.