Taa ya Tyubu na Choki Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na mafundi wa Masasi na Newala)



Tuliombwa tuwaeleze habari za taa ndefu za tyubu zilizomo katika madarasa, maduka na zahanati zetu, na kwa nini nyingine hufa upesi. Twaanza kwa hasara yetu wenyewe. Katika darasa moja la Newala, ambalo jina lake hatulitaji, taa ilizimika. Tukanunua tyubu mpya. Ikamweka mara moja, ikafa. Tukanunua ya pili, ikawa vivyo hivyo. Ya tatu ilipokufa tukamlaumu mwenye duka. Ndipo fundi mmoja mzee alipotucheka, akafungua mfuniko wa bati, akatuonyesha donge la chuma lililoungua, akasema, “Walimu, mwamshitaki mgeni, na mwizi yumo ndani ya nyumba.” Donge lile ndilo choki.

Globu ya zamani hutoa nuru kwa kuwa waya wake hupata moto sana. Tyubu sivyo. Ndani yake hewa imetolewa, ikatiwa gesi kidogo pamoja na chembe ya zebaki, na kila ncha ina waya mwembamba uliopakwa dawa. Umeme ukipita baina ya ncha hizo huupiga mvuke wa zebaki, nao hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo ikigonga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, unga ndio utoao nuru tuionayo. Kwa njia hii tyubu ya wati 36 yaishinda kwa nuru globu ya wati 100.

Lakini mvuke huo una tabia mbaya. Ninyi wa uwanda wa Makonde mmeona jinsi mvua inavyofanya katika mchanga wa mteremko. Maji ya kwanza huchimba kijifereji. Yanayofuata hupata njia rahisi, huja kwa wingi, huchimba zaidi, na mwisho pana korongo. Ndivyo ulivyo umeme ndani ya tyubu: kadiri unavyopita, ndivyo njia inavyozidi kulainika. Asipokuwapo wa kuuzuia, huongezeka kwa nukta moja tu, taa ikaharibika.

Mzuiaji ni choki. Ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana juu ya mabamba ya chuma. Umeme wa majumbani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na choki hupinga mabadiliko hayo. Basi huuzuia umeme bila ya kuugeuza wote kuwa joto. Ikiwa na joto kidogo na kuvuma kama nyuki, huo si ugonjwa. Bali nyaya zake zikiungua na kugusana ndani, kizuizi hakipo tena, na kila tyubu mtakayoitia itakufa kama zile zetu tatu.

Yuko mtumishi wa tatu, stata, yule kichupa kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Ndani yake mna vipande viwili vya madini. Ukiwasha swichi hupata joto, hupinda, hugusana, na umeme hupita kuzipasha moto ncha za tyubu. Kisha hupoa na kuachana. Hapo choki, kwa kuwa haipendi kukatizwa ghafula, huruka kwa nguvu ya mamia ya volti, na tyubu huwaka. Tyubu ikiisha kuwaka yataka volti kama 100 tu katika zile 230, nazo hazitoshi kumwamsha stata. Hulala mpaka kesho.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na baadaye ikaanza kuchomwa Mtwara ili kutoa umeme. Nyaya za kuja huku ni ndefu, na njia ikiwa ndefu volti huweza kupungua jioni, wakati kila nyumba inapowasha. Stata hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Taa humwekamweka, na kila jaribio huipunguza dawa ya nchani. Ndiyo sababu ya weusi ule muuonao. Taa ikimwekamweka hivyo, izimeni mngoje, msiiache ijipige usiku kucha.

Ncha zikiwa nyekundu na katikati giza, zimeni swichi, mtie stata mpya kwanza, maana bei yake ni ndogo kuliko ya tyubu. Tyubu mpya ikifa mara moja, msinunue nyingine kabla fundi hajaitazama choki.

Sasa neno la watoto. Tyubu iliyokufa si fimbo ya kuchezea, kwa kuwa zebaki ni sumu. Ikivunjika, watoeni watu, fungueni madirisha, mngoje robo saa. Msifagie kwa ufagio; kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, pangusweni kwa kitambaa kibichi, vyote vitiwe katika chombo chenye mfuniko. Visichomwe moto, wala visitupwe karibu na matangi ya maji ya mvua, ambayo watu wengi wa uwandani huyategemea.

Mataifa yaliyomo katika Mapatano ya Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji wa tyubu hizi ukome mwishoni mwa mwaka 2027. Tyubu za LED zinashika mahali pake. Baadhi yake huuzwa pamoja na kichupa kifananacho na stata. Hicho ndicho kitiwe, na stata ya zamani itolewe. Nyingine hutaka choki iondolewe kabisa na nyaya zifungwe upya. Someni karatasi iliyomo katika boksi kabla fundi hajapanda ngazi.